Wifi yangu ameitwa kwenye utafiti wa homoni, wanataka kumdunga insulini na hana sukari. Akubali?

BintiMajengo

Asalam aleikum jamani, na wasio waislamu hamjambo. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya hospitali manake nyumbani kwetu siku hizi hakulaliki. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alipojifungua mtoto wa tatu damu ilimtoka kupita kiasi, akaongezwa damu, alhamdulillah akapona na mtoto mzima. Lakini tangu hapo mambo hayajakaa sawa. Maziwa hayakutoka hata tone, tukampikia uji wa pilipili manga, supu ya pweza, kila kitu wazee walichosema, wapi, mtoto akalelewa na ya kopo. Hedhi haikurudi tena. Nywele za kwapa zimepukutika hazioti tena (samahani wanaume mlioko humu), na joto hili la Mombasa yeye yuwalala na blanketi, akifagia ua kidogo ashakaa kitako yuwahema. Watu wakasema yao, akasomewa, akanywa kombe, mama naye Mungu anisamehe akawa kila siku ni "mke wa mwanangu mvivu".

Hospitali tumezungushwa sana. Kwanza wakasema damu ndogo, akapewa vidonge. Halafu wakapima TSH, ile homoni ya kuamsha thairoidi (tezi ya shingoni), ikaja normal wakamrudisha nyumbani. Mwengine baadaye akapima na T4, homoni ya thairoidi yenyewe, akakuta iko chini, akampa dawa ya thairoidi, na hapo ndipo alipozidi, wiki haikuisha akaanguka msalani, kupimwa sukari iko chini kabisa. Mwisho tukapata daktari mmoja wa kike aliyemuuliza ulipojifungua ulitokwa na damu nyingi? maziwa yalitoka? Basi. Akamtuma MRI, kumbe ile tezi ya chini ya ubongo, pituitari, imenywea karibu haionekani. Ugonjwa wenyewe akasema unaitwa Sheehan.

Sasa kuna watu wa utafiti wanakusanya wagonjwa wa tezi hiyo na wamemtaka. Fomu ya ridhaa nimeisoma mpaka macho yameuma, na pale katikati wameandika watamdunga insulini kwenye mshipa ili sukari ishuke MAKUSUDI halafu wachukue damu mara kadhaa. Mtu ameanguka kwa sukari kushuka, leo waishushe wenyewe? Kaka amekataa katakata, wifi mwenyewe yuwataka. Na tulivyoelewa ni kwamba asianze dawa yoyote mpaka kipimo hicho kifanywe, tarehe ni mwezi ujao. Tufanyeje?

MzeeWaFeri

Kataeni. Zamani tukiambiwa mumiani wanatembea na gari usiku wanatafuta damu, siku hizi wanakuja mchana na fomu na kalamu na soda ya bure. Hiyo damu inapelekwa wapi? Ulaya. Nani anafaidika? Si wifi yako.

KlinikoLikoni

Mzee wa feri tulia kwanza tumsaidie dada wa watu. Mimi ni klinikal ofisa, si daktari wa homoni, lakini wagonjwa kama huyu nimewaona na BintiMajengo naomba unijibu kitu kimoja kabla ya yote: je alipimwa kotisoli ya asubuhi, ile homoni inayoshikilia sukari na presha mwilini? Tafuta ile karatasi ya lab, uangalie namba na herufi zilizo mbele yake.

Wakati unatafuta nieleze kidogo. Mama akiwa mjamzito pituitari inavimba, inakuwa kubwa kuliko kawaida yake, na damu inayoifikia inapita kwenye mishipa yenye presha ndogo. Sasa akitokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa presha inaanguka, tezi inakosa damu, sehemu yake inakufa. Harold Sheehan alikuwa mtaalamu wa patholojia kule Glasgow na ndiye aliyeieleza vizuri mwaka 1937 kutokana na wamama waliofariki baada ya kujifungua. Ile tezi ndiyo bosi wa tezi nyingine, ndio maana vitu vinazimika vingi kwa pamoja: prolaktini haipo maziwa hayatoki, homoni za mayai hazipo hedhi inakatika, thairoidi haiamshwi baridi inaingia hata Mombasa, na figo zile tezi zake za juu hazipati amri ya kutoa kotisoli. Hii ya mwisho ndiyo inayoua. Uvivu haumo kabisa, mwambie mamako hivyo kwa adabu.

Kuhusu TSH: inatolewa na hiyo hiyo pituitari. Ukiwa na pituitari iliyokufa TSH inaweza kuja normal huku thairoidi imelala, kwa hivyo ukipima TSH peke yake utamrudisha mgonjwa nyumbani kila mara. Yule wa pili alifanya vizuri kupima T4, ila kutoa dawa ya thairoidi kwa mtu ambaye hana kotisoli ni hatari, mwili unaharakishwa na kotisoli ile kidogo iliyobaki inamalizwa upesi. Ndio maana alianguka. Kanuni ni kotisoli irudishwe kwanza kwa dawa za kushika nafasi yake, haidrokotisoni au prednisolone, halafu ndio thairoidi.

MamaWawili_Mtwapa

Mimi hicho kipimo cha insulini nimefanyiwa wacha nikupe habari kamili. Sikupatwa na Sheehan, mimi nilikuwa na uvimbe kwenye hiyo tezi nikapasuliwa kupitia puani, lakini yaliyobaki ni yale yale, nakunywa vidonge kila siku. Unalazwa kitandani asubuhi hujala, unawekewa kanula (kale kabomba ka mshipani), wanadunga insulini kulingana na kilo zako, daktari hatoki hapo na sindano ya sukari iko tayari pembeni. Baada ya muda unaanza kutoka jasho, moyo unadunda, njaa mpaka unataka kula shuka 😂 mikono inatetemeka, na wao wanachukua damu tu na kuangalia saa. Wanataka sukari ishuke chini ya 2.2 mmol/L manake hapo ndipo mwili wa mtu mwenye afya unapiga kelele, pituitari yake inatoa amri ya kotisoli na homoni ya ukuaji kwa wingi. Wako ukinyamaza basi jibu wamepata. Ukishamaliza unapewa sukari na unakula pale pale unaangaliwa mpaka utulie ndio unaenda nyumbani, na usiende peke yako na matatu.

Kwa hivyo si uchawi, ni kipimo cha miaka mingi. Lakini si cha kila mtu, mimi waliniuliza mara mbili kama nina kifafa au moyo, mwenye hayo hafanyiwi.

Na jambo jengine dada, Ramadhani. Sisi tusio na kotisoli kufunga kunatuangusha, homa na kutapika pia. Tunisia madaktari wamefanya utafiti juu ya hili hili la wagonjwa wa kotisoli na saumu, nilionyeshwa na daktari wangu nilipokuwa mbishi. Mwambie wifi azungumze na daktari mapema, asingoje Shaabani iishe. Mimi nalisha maskini, roho iliniuma mwanzo sasa imezoea.

SomoWaUtafiti

Nimefanya kazi ya utafiti huku Pwani miaka, kazi yangu ilikuwa kuzungumza na wagonjwa na kuwasomea fomu, kwa hivyo mzee wa feri haya ya mumiani nimeyasikia uso kwa uso, hata watoto walikuwa wakikimbia gari letu. Swali lako la damu inakwenda wapi ni zuri sana na ndilo la kuuliza kabla ya kutia sahihi, jibu linatakiwa liwe kwenye fomu: inapimwa wapi, inahifadhiwa kwa muda gani, ikisafirishwa nje kwa ruhusa ya nani. Ikiwa halimo, usitie sahihi mpaka liandikwe.

Utafiti wowote wa watu hapa Kenya lazima upite kamati ya maadili na uwe na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na kama ni dawa mpya inajaribiwa Bodi ya Dawa na Sumu nayo lazima ipitishe. Jina na simu ya hiyo kamati huwa nyuma ya fomu. Watu hawapigi, wanaogopa. Pigeni! Na kaka yako kwa heshima zote yeye hatii sahihi, anayetia ni mgonjwa, na akishatia anaweza kutoka siku yoyote na matibabu yake ya kawaida yasiguswe. Hili liko kwenye Azimio la Helsinki, ile miongozo ya madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa watu iliyopitishwa kwanza 1964, si hisani ya mtu.

Lakini mimi swali langu kwa wale jamaa lingekuwa jengine: utafiti ukiisha, vidonge nani ananunua? Manake huyu dada atavimeza maisha. Haidrokotisoni ya vidonge si kila chemist utaipata, wengine wanaishia kwa prednisolone ambayo ni rahisi na inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Wakija na mashine na barafu na gari jeupe halafu wakaondoka bila kusema hata dawa itatoka wapi hapo nitakubaliana na mzee wa feri.

Ila mzee na wewe, utafiti unafaidi Ulaya tu? Ule wa E-MOTIVE wa kutokwa na damu baada ya kuzaa ulifanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali kama 80, wanawake zaidi ya 200,000, majibu yakatoka 2023. Walichofanya ni kumwekea mama karatasi ya plastiki yenye alama inayokusanya damu ili ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na damu ikizidi anapewa matibabu yote kwa mpigo, si hili kwanza tungoje halafu lile. Ukihesabu pamoja damu nyingi ya kutisha, upasuaji na vifo vya kutokwa na damu, vilipungua kwa asilimia 60. Huyo wifi angezalishwa hivyo huenda leo hatuko hapa tunaandika.

MzeeWaFeri

Hiyo ya plastiki nimeikubali. Ya insulini bado.

BintiMajengo

Nimerudi, nilikuwa natafuta karatasi, ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na picha za MRI. Pameandikwa cortisol 8am, 2.1 µg/dL. Halafu pembeni kuna alama ya mshale chini. Hii ni mbaya sana ama?

KlinikoLikoni

Dada hiyo ndiyo habari yenyewe. Chini ya 3 asubuhi kwa mtu mwenye historia kama ya wifi yako jibu lishapatikana, kotisoli hana, hakuna haja ya kumshusha sukari ili kuthibitisha. Na zaidi ya hapo, kotisoli ikiwa chini kiasi hicho kipimo cha insulini kwake ni hatari, sehemu nyingi hawakifanyi kabisa kwa mgonjwa wa namna hiyo, na thairoidi ambayo bado haijatibiwa ni sababu nyingine. Labda wao wanatafuta homoni ya ukuaji, lakini mtu ambaye homoni nyingine tatu za pituitari zishakatika na IGF-1 yake (kipimo cha damu kinachofuata homoni ya ukuaji) iko chini, hiyo ya ukuaji nayo inahesabiwa haipo bila kudungwa chochote.

Kwa hivyo kaka yako amesema hapana na yuko sawa ingawa sababu si ile aliyoitoa. Insulini inaweza kungoja milele. Kinachonitisha mimi ni hii ya "asianze dawa mpaka mwezi ujao", mwezi mzima na kotisoli ya 2.1, akishikwa na malaria au kuharisha katikati hapo anaweza kufa nyumbani na watu waseme ni shetani. Hata wanaofanyiwa vipimo hivi huwa wanaruka dozi ya jioni na ya asubuhi hiyo tu, si mwezi. Hakuna utafiti unaoruhusiwa kumnyima mgonjwa dawa ya kumweka hai ili namba zao zitoke safi. Inawezekana mlielewa vibaya au aliyewaeleza alieleza vibaya, usigombane na mtu, piga ile simu ya daktari mkuu iliyo kwenye fomu uwasomee hiyo namba. Leo, usingoje kesho. Na akianza kutapika, kizunguzungu akisimama, kuchanganyikiwa, msingoje mtu, mpelekeni emajensi na mseme "hana kotisoli, pituitari", kule wanamdunga haidrokotisoni miligramu 100 na drip.

BintiMajengo

Kliniko Mungu akulipe. Nimepiga. Daktari wa utafiti aliuliza tu kotisoli ngapi, nikamsomea, akanyamaza kidogo akasema kipimo cha insulini yeye haingii, na aletwe asubuhi na mapema. Kaka ametoka kazini ampeleke mwenyewe.

BintiMajengo

Tumerudi. Ameanzishwa haidrokotisoni, asubuhi miligramu 10 akiamka na 5 mchana, thairoidi wamesema wataongeza baadaye akishatulia. Ile ya kutoanza dawa kumbe ilikuwa ya watu ambao bado hawajajulikana kama wanao ugonjwa, aliyetueleza alichanganya. Ukurasa wa insulini wameupiga mstari na wote wametia sahihi pembeni, wifi amekubali atoe damu na majibu ya maswali na wamfuate kila baada ya miezi. Nikawauliza la SomoWaUtafiti kuhusu vidonge baada ya utafiti, yule mdogo akaangalia chini, daktari akasema wana bajeti mpaka mradi uishe na baada ya hapo watamuandikia prednisolone kama nyingine haipatikani. Ameandika kwenye fomu nimemwambia aandike. Mama naye ameelezwa na daktari mwenyewe, hajasema kitu ila leo amempelekea chai kitandani.

Swali la mwisho, wametupa ile sindano ya dharura ya kuweka nyumbani, vichupa viwili. Kaka amefundishwa kudunga pajani. Joto la huku je, niweke kwenye friji?

KlinikoLikoni

Soma kwenye boksi, nyingi zinataka isizidi nyuzi 25, na friza usiweke. Kabati la ndani lenye kivuli, mbali na jiko na dirisha, na watoto wasifikie. Angalia tarehe ya kuisha uandike kwa kalamu kubwa juu ya boksi. Na bomba la sindano na maji yake viweke humo humo ndani, manake saa nane za usiku hakuna chemist iliyofunguliwa Majengo.

MamaWawili_Mtwapa

Na kichupa kimoja wifi akitie kwenye mkoba wake akitoka. Mimi changu ninacho hata nikienda sokoni Kongowea.