Tupeane uzoefu: Mtoto wako alipoonewa shuleni (au yeye ndiye aliyekuwa mwonevu), ulifanyaje?

Mama Tunu
Wakuu habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali hapa Dar, anaingia zamu ya mchana. Kila siku nampa buku: nauli 200 kwenda, 200 kurudi, 600 ya kula. Tangu mwezi wa pili akawa anarudi na njaa isiyo ya kawaida, anakwangua mpaka ukoko. Nikasema labda anakua. Juzi nafua sare nikakuta karatasi mfukoni, imekunjwa kunjwa, ina majina kumi na moja na mengine yana alama ya vema. Mwandiko ni wake.

Nikambana taratibu, akasema. Mwalimu akitoka, anakuja kiranja wa darasa la sita kusimamia na daftari la wapiga kelele. Ukitoa mia mbili jina lako haliandikwi. Usipotoa unaandikwa hata kama ulikuwa umelala. Wangu alitoa mpaka zikaisha za kula, akakosa, akaandikwa, akachapwa. Kisha kiranja akampa kazi: yeye akusanye kwa wenzake, ndiyo malipo yake.

Kwa hiyo mwanangu ameonewa na yeye ameshaanza kuonea. Sijui niende shule kulalamika au kuomba radhi. Waliopitia haya tupeane uzoefu. Tafadhali asije mtu na "hamisha shule", hela hiyo sina.

Kidagaa Mkavu
Natia nanga hapa. Wangu anaanza la kwanza Januari na moyo unadunda.

Chaki na Vumbi
Mama Tunu pole. Mimi ni mwalimu, mwaka wa kumi na nne huu, niko Kanda ya Ziwa. Hilo daftari nalijua, nimelitumia sana.

Niwaambie ukweli wetu. Una watoto 140 kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa chini, tangu elimu bila ada ilipoanza 2016 wanaongezeka na madarasa hayaongezeki kwa kasi ile. Mkuu anakuita ofisini. Unafanyaje? Unamwachia kiranja daftari, unaondoka. Ukirudi unaita majina, unachapa, somo linaendelea. Hakuna anayeuliza jina limefikaje pale. Lile daftari ni kama hundi uliyoisaini ukaacha kiasi wazi, ukampa mtoto wa miaka kumi na mbili.

Nilikuwa na mtoto mmoja jina lake halikosi. Nilimchapa karibu kila wiki. Na kanuni za viboko nazijua vizuri: visizidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mimi sikuwa mkuu, sikuteuliwa, sikuandika popote. Siku moja mama yake, anauza chapati stendi, akaniletea chapati mbili na chai. Akaniuliza kwa heshima kabisa: "Mwalimu, mwanangu ana kigugumizi hata nyumbani tunamlazimisha kuongea. Hizo kelele anapigaje?"

Chapati zile sikuzila.

Nilichofanya baadaye ni hiki, mkichukue au mkiache. Daftari nililichana. Kazi ya kusimamia nikaipa vikundi vya watu watatu watatu, kila wiki wanabadilishana, na hawaandiki jina la mtu. Kingine, niliwachorea watoto ramani ya shule ubaoni: vyoo, bomba, mwembe, bustani, madarasa. Kila mmoja akainakili, akapaka nyekundu pale anapoogopa kupita. Bila jina. Nilitegemea nyuma ya vyoo, na kweli palijaa. Foleni ya bomba nayo, kumbe wakubwa wanawatoa wadogo kwenye mstari na vidumu vyao. Ila karibu nusu ya darasa walipaka mlango wa ofisi ya walimu.

Sasa fikiria mtoto anayeonewa, na sehemu ya kwenda kusema ndiyo hiyo aliyoipaka nyekundu.

Ngumi Jiwe
Mnazunguka sana. Mimi wangu alinyang'anywa kachori wiki nzima, nikamfundisha ngumi uani siku mbili. Ya tatu akamtoa jamaa damu ya pua. Mpaka leo anaheshimiwa. Dunia haina huruma, mtoto wa kiume ajifunze mapema.

Dada wa Makumbusho
@Ngumi Jiwe hongera, sasa wangu ana pumu na ni wa mwisho kwa kimo, apigane na nani? Na huyo aliyetolewa damu ana kaka? Maana wa jirani yangu alifuata ushauri kama wako, kaka zake yule mwingine wakamsubiri kituoni. Jino la mbele limekwenda, na la mbele lile halioti tena.

Ngumi Jiwe
Sawa, hilo la jino sina jibu.

Nipo Tanga
Mwalimu umegusa kigugumizi, ngoja nami niseme, nina miaka 41 na sijawahi kuandika hili popote.

Kwetu mahudhurio yaliitwa kwa jina, unajibu "nipo". Neno dogo tu. Mimi N ilikuwa inagoma. N-n-n-n, darasa zima linaimba pamoja nami kama kwaya. Hao wenzangu nilishawazoea. Siku iliyonimaliza ni ile mwalimu mwenyewe alicheka. Hakucheka sana, alificha na kitabu, lakini nilimwona mabega. Kuanzia hapo nikawa nachelewa makusudi, nifike majina yameshaitwa, nichapwe za kuchelewa. Fimbo ilikuwa nafuu.

La tano tukaletewa mwalimu mpya wa Kiswahili, mama mmoja mnene mpole. Wiki yake ya kwanza alituambia kelele za "nipo" zinamuumiza kichwa, kuanzia leo kila mtu ananyoosha mkono tu. Darasa zima. Mimi nilidhani kweli kichwa kinamuuma. Nimekuja kuelewa nikiwa na mke na watoto, niko kwenye basi naelekea Korogwe, ghafla tu. Hakunitaja hata mara moja, hakuwaambia "msimcheke mwenzenu". Angesema hivyo ningekufa.

Mwana wa Kisauni
Jamani mie nitasema kutoka upande wa pili, na mkinitukana nitastahamili. Niko Mombasa. Mwanangu wa gredi ya tano ndiye alokuwa mwonevu.

Naibu wa mwalimu mkuu alinipigia simu, nikafika nimevaa vita. Nikasema wanamsingizia, mtoto wangu nyumbani hata sauti hainui. Yule mama hakubishana nami. Alinisomea alichokiandika: tarehe, mahali, maneno yenyewe, nani alikuwapo. Kurasa mbili. Alikuwa akimfanya mtoto mmoja mnyonge abebe mkoba wake na kumwita "ng'ombe wee, nyamaza nikizungumza".

Hayo maneno niliyajua. Ni ya mjomba wake, ndugu yangu mie, tunaishi naye. Anamwambia mwanangu hivyo hivyo mbele ya chakula, na sote hucheka tukasema huyo mjomba ana mzaha.

Mie nilitaka wakutanishwe, wapeane mikono, yaishe. Naibu akakataa. Akasema yule mdogo atatoa mkono kwa sababu anaogopa, si kwa sababu yameisha. Alizungumza na kila mmoja peke yake, siku mbalimbali. Wangu alipewa kazi ya kusaidia maktaba wakati wa mapumziko, ambako kuna mtu mzima, na kila Ijumaa anaketi na mwalimu dakika kumi. Hakuchapwa. Huku kwetu sheria ya elimu ya 2013 imeshakataza viboko, ingawa mie siku ile ningemchapa mwenyewe kama hasira zangu hazikuelekea kwa ndugu yangu.

Mjomba amehamia Likoni. Hatuzungumzi vizuri mpaka leo. Mtoto amepungua, hajaacha kabisa, nisiwadanganye.

Godoro la Kamba
Nilipelekwa bweni nikiwa na miaka sita. Nilikuwa kikojozi. Matroni alikuwa analianika godoro langu mbele ya bwalo ili "nione aibu niache". Watoto wengine hawakuhitaji kubuni jina, lilikuwa limeshaanikwa kwenye kamba. Serikali ya Tanzania ilipozuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano mwaka 2023 watu walilalamika sana mitandaoni, wengine ni ndugu zangu. Mimi nilisoma ile habari nikakaa chini kwanza.

Jirani Mwema
Nifupishe ya kiutendaji kwa walioko Tanzania. Simu ya mtoto ni 116, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Afisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri yako, na kituo cha polisi kikubwa huwa na dawati la jinsia na watoto. Mtoto akiumizwa, PF3 kwanza (ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), na piga picha majeraha siku hiyo hiyo maana yanapona haraka kuliko kesi. Ila kwa suala la mia mbili mbili anza na mwalimu wa darasa. Usianze na mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu ataona umemruka.

Tiki Mbili
Nimesoma kimya tangu jana. Mimi nilikuwa mbabe. Kuna mwenzetu nilimpa jina la utani darasa la nne, silitaji, linahusu ngozi yake, ana ualbino. Mwaka jana tumeanzisha grupu la WhatsApp la tuliomaliza pamoja, tunakumbushana, vicheko usiku kucha. Yeye haandiki. Siku moja mtu akaandika lile jina, "fulani uko wapi?", na kucheka. Dakika hiyo hiyo: ameondoka kwenye grupu.

Hakuna aliyekumbuka nani alilibuni. Mimi nakumbuka, hata mahali nilipokuwa nimesimama. Nikamtumia ujumbe faragha, nimeandika na kufuta kama mara kumi. Tiki mbili za bluu. Ni mwezi wa saba huu hajajibu.

Dada wa Makumbusho
Usimwandikie tena. Ameshasoma.

Mama Tunu
Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa nazisoma zote nikiwa dukani.

Nilienda. Nilikwenda na karatasi ile na nikaandika kama yule naibu wa Mombasa, tarehe na maneno. Mwalimu wa darasa ni kijana, alipoona majina kumi na moja alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Na hao wasio na vema?" Nikamwambia hao ndio uliowachapa. Sikupanga kumwambia hivyo, ilitoka tu.

Mkuu alitaka kiranja aitwe mstarini, achapwe mbele ya shule nzima. Nilimwomba asifanye hivyo, akanitazama kama nimechanganyikiwa. Hakuchapwa, amevuliwa ukiranja. Sasa anamsubiri mwanangu getini, anamwita mnoko. Kwa hiyo sijamaliza, nimehamisha tatizo kutoka darasani hadi getini. Tumepanga na wazazi wawili wa mtaa wetu, watoto wanatembea watatu, na mmoja wetu anakuwa kituoni saa kumi na moja na nusu. Wiki hii ni zamu yangu, duka nafunga mapema, hasara ipo.

Mwanangu nilimwambia zile alizokusanya tutazirudisha. Tumehesabu, elfu nne na mia sita. Anapunguza mia kila siku kwenye hela yake. Jana alinunua kashata akamletea mdogo wake nusu, nikajua leo kala.

@Chaki na Vumbi, mwalimu wake nilimweleza ile ramani na anataka kujaribu. Anauliza wanaotumia penseli tu wafanyeje, maana kalamu nyekundu darasani zipo mbili.