Amplifaya inajizima safarini: ninunue kubwa zaidi?

Premio ya Tororo: Habari zenu ndugu zangu. Kwenye buti la Premio yangu kuna sabufa mbili za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme), koili moja moja, wati 150 RMS (nguvu ya kuendelea) kila moja. Amplifaya ni ya chaneli mbili. Kitabu chake kinasema wati 75 kwa kila chaneli kwenye omu 4, wati 100 kwenye omu 2, na chaneli zikiunganishwa kuwa moja, wati 200 kwenye omu 4. Nikitoka Tororo, kabla sijafika Mbale taa nyekundu inawaka, muziki unakatika. Ikipoa inarudi. Fundi aliyenifungia ananiambia ninunue kubwa zaidi, na pesa niliyonayo ni karo ya watoto. Nifanyeje?

Fundi Redio, Jinja: Kaka, usinunue kitu bado. Chomoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya, zipime kwa mita. Sabufa moja ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3.4.

Premio ya Tororo: Zote mbili kwa pamoja, 1.7, na chaneli zimeunganishwa kuwa moja.

Fundi Redio, Jinja: Ndiyo hiyo. Zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kwa hiyo ni omu 2. Na chaneli zikishaunganishwa, kila moja inaona nusu ya hapo: omu 1! Omu zikipungua umeme huongezeka, kwa hiyo umeme mwingi mno unapita, joto linapanda, inajizima isiungue. Amplifaya yako ni nzima kabisa. Tenganisha chaneli, kila sabufa na chaneli yake.

Mama Abdu, Busia: Kwa nini asizifunge mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine? Zitakuwa omu 8, chaneli abaki nazo zimeungana.

Fundi Redio, Jinja: Inafaa pia, Mama Abdu, ila haongezi kitu. Kwenye omu 8 kila chaneli inaona 4, jumla wati 150, yaani 75 zilezile kwa kila sabufa.

Mama Abdu, Busia: Nimekuelewa. Basi kaka, ukiona besi imepungua usizungushe geini (kitufe cha amplifaya cha kukuza mawimbi ya sauti) hadi mwisho. Sauti itakwaruza na joto litarudi palepale. Pandisha polepole, ukisikia mkwaruzo rudi nyuma kidogo.

Premio ya Tororo: Nimetenganisha jana jioni. Leo nimekwenda Mbale na kurudi, taa haikuwaka hata mara moja. Besi imeshuka kidogo, lakini sasa nasikia kila noti ya gitaa. Asanteni sana, karo imesalimika.