Jua linachomoza magharibi nikiwa stendi ya Nanenane, ni mimi tu?

Zabibu_Kavu: Wakuu habari za asubuhi. Mwaka jana nilikuja Dodoma mara ya kwanza na basi la usiku kutoka Mwanza, Manyoni usingizi ukanipitia nakuja kushtuka konda anagonga siti "Nanenane hapa, shuka". Tangu siku hiyo nikisimama pale stendi jua naliona linachomokea upande wa mjini, najua kabisa mjini ni magharibi lakini kichwa kinagoma. Nikifika Majengo sokoni kila kitu kinakaa sawa. Nimerogwa au?

MamaTwins_Kisasa: 😂😂 nani akuroge kwa ajili ya jua

Ticha_wa_Bios: Hujarogwa mkuu. Kichwani kuna dira na kuna ramani, vitu viwili tofauti. Dira ni seli za ubongo ambazo kila moja inawaka (yaani inatuma ishara) kichwa kikielekea upande wake tu, mtafiti James Ranck alizikuta kwa panya 1984. Siyo ya sumaku, kaskazini haiijui, inajipanga kwa alama unazoona na kwa vile vimirija vitatu vya majimaji ndani ya sikio vinavyopima kichwa kinavyogeuka. Maabara wakihamisha kadi nyeupe iliyobandikwa ukutani, dira ya panya nayo inahama. Sasa wewe umelala, basi limekata kona ngapi hujui, nadhani ulivyoamka ubongo ukabahatisha ukaigandisha dira kwenye yale majengo ya stendi, ndo maana ukirudi pale inarudi vilevile.

Ramani ndo hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo. Mtafiti John O'Keefe, London, 1971 alikuta humo seli zinazowaka panya akifika sehemu fulani tu, halafu 2005 watafiti kina Moser kule Norwei wakakuta jirani ya hipokampasi seli nyingine, kila moja inawaka sehemu nyingi za sakafu kwa mpangilio wa masega ya nyuki, inaonekana zinasaidia kupima umeenda umbali gani. Nobeli ya 2014 walipewa hao.

MamaTwins_Kisasa: kumbe! umeme ukikatika naifuata ndoo ya maji bila tochi, ila mtoto akiniita nikageuka geuka naishia kugonga kabati

Ticha_wa_Bios: Ndo hivyo, gizani vikosa vidogo vinajumlishana mpaka uguse kitu unachokijua.

Mtemi_wa_Kondoa: Yalinikuta Babati hayo, yaliisha siku niliyotembea kwa mguu hadi stendi asubuhi jua likiwa usoni

Zabibu_Kavu: Basi J'mosi naenda na boda kutoka Majengo, macho kodo njia nzima. Ikigoma narudi hapa.