Roth IRA kwa mshahara wangu, au nijenge kwanza?

Dada wa Shifti ya Usiku (Columbus, Ohio):
Habari zenu wapendwa. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, usiku. Mwaka 2025 nimeingiza dola 34,000 kabla ya kodi. Sijaolewa, sina mtoto. Kila mwezi 250 zinaenda Machame kwa mama, 100 upatu. Nikishalipa kodi ya nyumba na gari, nabaki na kama 150. Jamaa kanisani ananisukuma nifungue Roth IRA, ile akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni. Mimi nilidhani hayo ni mambo ya madaktari! Nikiifungia hela mpaka miaka 59 na nusu, mama akiugua kesho je? Na kiwanja changu Boma Ng'ombe hakina hata msingi.

Mzee wa Lori (Dallas):
Hapo kwenye kufungia umetishwa bure, dada. Roth unaweka hela iliyokwisha katwa kodi, kwa hiyo ulichoweka mwenyewe unakitoa siku yoyote, bila kodi wala faini. Faida ndiyo ya kusubiri. Baba alipolazwa nilichomoa 1,800, sikudaiwa senti. Ile IRA ya kawaida, ya hela ambayo bado haijakatwa kodi, ndiyo ingenila asilimia 10 ya faini, na kodi juu.

Nesi wa Minneapolis:
Mwanangu, kabla ya IRA waulize HR (ofisi ya wafanyakazi) kama mwajiri anakuongezea kwenye 401(k), akiba ya uzeeni ya kazini. Mimi karatasi yao ilikaa miaka minne kwenye begi, chini ya vibahasha vya chai. Hela ya bure ile, nimeiacha hivyo hivyo.
Halafu kuna nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo. Kwa 2025, asiyeolewa na asiyezidi dola 39,500 anaipata; wa 34,000 kama wewe akiweka 1,000 kwenye IRA au 401(k), kodi yake inapungua 100. Ujaze Fomu 8880 pamoja na fomu zako za kodi, maana hawakukumbushi. Kwa IRA ya mwaka 2025, mwisho wa kuweka ni Aprili 15, 2026. Mimi nisiyeolewa wa 92,000 siipati, na kwa kuwa nina 401(k) kazini, IRA ya kawaida hainipunguzii kodi hata kidogo. Nimebaki na Roth. Wasioolewa wa 165,000 kwenda juu, kwa 2025 hata Roth hawakuruhusiwa kuweka moja kwa moja.

Kijana wa Kigamboni (Houston):
Kama unarudi nyumbani karibuni, jenga. Tofali halishuki bei.

Mzee wa Lori:
Tofali halishuki, ila anayelisimamia ni binamu yako. Mimi msingi nimeulipia mara mbili.

Dada wa Shifti ya Usiku:
😂 Shikamoo mama nesi. Leo asubuhi nimetoka shifti nikaenda moja kwa moja HR. Kumbe wanaongeza nusu ya ninachoweka, mpaka asilimia 4 ya mshahara! Miaka mitatu nipo hapa. Nimepiga hesabu: 113 zangu kwa mwezi, wao kama 57. Roth itasubiri ovataimu ya sikukuu, upatu siachi. Sasa fomu inauliza mrithi: niandike mama au mdogo wangu?

Nesi wa Minneapolis:
Marahaba. Mwandike mama, mdogo wako aje mstari wa pili. Upo hapo hapo chini.