Leza ya nm 808, seli za satelaiti, ampea hakuna

Kigari_Mwezini: Wakuu, habari za kazi. Nasanifu mfumo wa kupeleka umeme kwa leza kutoka ukingo wa kreta ya Shackleton, ncha ya kusini ya Mwezi, hadi kwa kigari kilicho kivulini, km 10. Kinahitaji wati 200. Mezani natumia seli za satelaiti za matabaka matatu na leza ya nm 808 (nanomita, urefu wa wimbi la mwanga). Volti zinasoma, nikifunga mzigo ampea zinakata. Waya na viungio ni vizima. Shida nini?

Tabaka_Moja: Seli ni nzima, mkuu, ila si ya kazi hiyo. Matabaka yameungwa kwa mfululizo. Nm 808 inapita tabaka la juu bila kunyonywa, inaishia la kati (la galiamu asenidi, nusu-kipitishi), la chini halipati kitu. Mawili yakiwa gizani, mkondo hauna pa kupita. Chukua seli ya galiamu asenidi ya tabaka moja. Maabara ya Fraunhofer ISE ya Ujerumani ilifikia ufanisi wa 68.9% wa kugeuza mwanga kuwa umeme mwaka 2021 kwa nm 858. Wewe pigia hesabu 50%.

Na vaa miwani ya leza. Nm 808 haionekani vizuri, ila retina inaungua vilevile.

Mhunzi wa Lenzi: Kwa 50% unahitaji wati 400 za mwanga juu ya paneli. Lenzi ya sm 10 na mwali safi kabisa (unaotawanyika kidogo iwezekanavyo) vinakupa doa la mwanga la sm 20 hivi kwa km 10. Leza za dayodi zenye nguvu hazina mwali safi. Ukiwa mbovu mara tatu, doa linafika sm 60 na mwanga mwingi unamwagika mchangani. Panua lenzi iwe sm 30. Mtikisiko wa maikroradiani 5 tu unasogeza doa sm 5.

Katikati ya doa ni pakali kuliko pembeni. Ukiunga seli zote kwa mfululizo, ya pembeni ndiyo itakayoamua mkondo wa zote. Zikate kama vipande vya chapati, kila kimoja kianzie katikati, ndipo uziunge.

Kigari_Mwezini: Nikitumia leza ya faiba ya nm 1070? Mwali wake ni safi.

Tabaka_Moja: Galiamu asenidi haiioni kabisa, kikomo chake ni kama nm 870. Silikoni inainyonya kwa shida, sehemu kubwa inapenya. Itabidi indiamu galiamu asenidi, na volti zitashuka.

Joto usilisahau: wati 200 zinabaki kwenye paneli na hewa ya kuzipoza hakuna. Ili ikae kwenye nyuzi 57 za Selsiasi, weka bamba jeusi la mita za mraba 0.35 linalotazama anga.