Gemu za upanga: Wii ya mtumba, Switch au miwani ya VR? Nataka kuweka kwenye chumba cha gemu Chikongola

mwana_Chikongola
Wakuu habari za jioni. Nina fremu hapa Chikongola, Mtwara mjini, ndani kuna tivii mbili na pleisteshen za mpira, vijana wanalipa jero kwa mechi. Hela inaingia ila mpira upo kila mtaa, nataka kitu ambacho mtu akipita nje akitupia jicho lazima asimame.

Mwezi wa nane nilikuwa Dar kwa dada yangu, watoto wake wana Wii ya zamani, ile mashine ya gemu ya Nintendo, na gemu yake ya Wii Sports Resort, nikapewa rimoti nikapambana na binti wa miaka 11 juu ya lile jukwaa lenye maji chini. Basi kabla hata mechi haijaanza nikalaza rimoti, upanga kwenye kioo nao ukalala, nikainua kidogo nao ukainuka kidogo, nikageuza kiganja ukageuka, hata mkono ukitetemeka unauona kule unatetemeka. Hapo sijapiga hata pigo moja na tayari nahisi nimeshika kitu. Tangu siku hiyo akili yangu iko hapo tu.

Sasa naomba ushauri, nichukue Wii ya mtumba, Switch (mashine ya Nintendo ya baadaye) na gemu yake Switch Sports, au nijikaze nichukue miwani ya VR, ile unayovaa usoni ukajikuta ndani ya gemu? Hela ya korosho bado haijaingia kwahiyo muda wa kuulizana tunao.

fundi_Lindi
Kaka hiyo uliyoiona usidhani kila Wii inafanya, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Wii ilipotoka 2006 rimoti yake ilikuwa na sensa ya kuhisi mtikisiko na mwinamo, na kamera ndogo mbele inayoangalia taa za kile kijiti cha juu ya tivii. Kujua kiganja kimegeuka kiasi gani katikati ya pigo ilikuwa haiwezi. Ndio maana gemu za mwanzo kama Red Steel ya mwaka huohuo, wewe unapunga mkono na yule wa kwenye kioo anapiga pigo lake la kuandaliwa, unamtuma tu. Kitu kinaitwa MotionPlus kilikuja 2009, kina jairo ndani, yaani sensa ya mzunguko, na Resort ilitoka nacho pamoja. Bila MotionPlus Resort haichezeki kabisa. Kwahiyo rimoti mbili, MotionPlus mbili.

Na kuhusu kile kijiti, mtu asikuuzie kwa bei ya ajabu, hakitumi data yoyote ni taa za infraredi tu kushoto na kulia, hata mishumaa miwili inafanya kazi, nimejaribu mwenyewe hapa Lindi.

dada_Mikindani
Mimi natetea Skyward Sword, gemu ya Zelda ya upanga, mpaka mwisho. Kwanza ile ya Wii ya 2011 ambayo nayo haikubali bila MotionPlus, halafu imerudi kwenye Switch 2021. Mnasema upanga upanga lakini utamu hauko kwenye upanga wako, uko kwenye upanga wa adui. Kuna wale wenye mapanga wanakusimamia wameziba kulia, ukipiga kulia umegonga chuma na unarudishiwa, inabidi upige kushoto, sasa ukianza kuinua mkono kuelekea kushoto anakuona anahamisha ulinzi!! Kwahiyo unamdanganya, unapeleka mkono taratibu juu, anaziba juu, halafu unakata chini haraka. Nimecheza gemu nyingi za batani na sijawahi kumdanganya adui kwa bega langu mwenyewe.

Ukiwa na Switch unaweza kuzima mkono ukacheza kwa kijiti cha kulia cha pedi, nimejaribu, yule adui amebaki yuleyule lakini raha yote imeondoka, nikarudi kusimama.

mwana_Chikongola
Dada hiyo nimeielewa sana, kumdanganya adui kwa bega. Lakini hiyo ni ya mtu mmoja na hadithi ndefu, mteja wa jero atafika wapi?

dada_Mikindani
Hapo kweli kwa biashara haifai, lakini nyumbani kwako uwe nayo.

Masasi_VR
Jamani mnaongelea mambo ya 2009, dunia iko kwenye miwani. Kaka yangu katoka nje na miwani ya Quest 2, ukivaa upanga hauko kwenye tivii, uko mkononi, ukiinamisha kichwa unaliona bapa lake. Beat Saber unakata maboksi kwa kufuata mshale na muziki, mtu anajifunza kwa dakika moja. Ila inayoniumiza roho kwa raha ni Blade & Sorcery, ina uzito, ukipunga shoka kubwa kwa papara linachelewa kufuata mkono, inabidi upige kwa mwili mzima. Na haihitaji tivii, umeme ukikatika bado unacheza mpaka chaji iishe.

mzee_Ligula
Vijana nawasalimu. Mimi nimeshika panga na fyekeo tangu utotoni kwenye mikorosho ya baba yangu, niwaambie ninachokiona. Fyekeo unalipeleka na uzito wake linamalizia lenyewe, panga unalikata kwa kifundo cha mkono. Mwanangu aliniwekea hiyo miwani, nikapiga ngao ya mtu, upanga ukasimama kule na mkono wangu ukapita hewani. Mkono wa mkulima unajua hapo pana uongo. Kwenye tivii nilivyocheza na mjukuu sikuliona hilo sana, maana upanga uko mbali nami, jicho linakubali.

Masasi_VR
Shikamoo mzee. Hilo ni kweli, mtetemo wa rimoti unasaidia kidogo tu, na hakuna gemu ya mkono iliyolitatua, iwe Wii iwe VR.

fundi_Lindi
Mzee kaweka sawa. Na kwa chumba cha biashara mimi VR naipinga wazi, sio kwa ubaya wake. Anayecheza ni mmoja, waliobaki wanamwangalia mtu amefunikwa uso anapunga hewa. Joto la Mtwara mwezi wa kumi na mbili jasho la mteja wa kwanza linamsubiri wa pili kwenye sponji. Halafu haoni ukuta, haoni feni, haoni mtoto aliyesogea.

Wewe unataka watu wasimame mlangoni. Pambano la watu wawili wamesimama bega kwa bega, mmoja kaziba upanga wima, mwenzie kapiga kwa ulalo ukagonga akayumba, hapo hata mpita njia asiyejua gemu anaelewa nani kakosea.

dada_Mikindani
Basi mwambie ukweli na wa Switch. Switch Sports ya 2022 ina Chambara, yaani mchezo wa upanga, ni ileile ya jukwaani, na kuna upanga mmoja, kuna wa kukusanya nguvu ukiziba vizuri, kuna mapanga mawili mkono huu na huu. Kwa upanga mmoja Switch inakuja na Joy-Con mbili, zile pedi zake ndogo za kuchomoa, watu wawili wanaanza siku hiyohiyo bila kununua kingine. Asinunue Switch Lite tu, pedi zake hazichomoki na haiungi kwenye tivii.

mwana_Chikongola
Wakuu VR nimeiweka pembeni. Switch naiona nzuri ila bei inaniangusha, nikiivunja nimeisha. Kuna jamaa hapa Majengo ana Wii, rimoti mbili, anasema imetoka Marekani na iko safi. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

fundi_Lindi
Angalia adapta kwanza. Ya Marekani ni ya volti 120, hapa tuna 230, ukiichomeka ukutani moja kwa moja umeiunguza. Pili diski, Wii ina kufuli la kanda, ya Marekani inasoma diski za Marekani, kwahiyo Resort lazima iwe ya huko. Tatu angalia rimoti upande wa mbele usome chini ya jina la Wii, kama imeandikwa MotionPlus basi jairo iko ndani, kama hakuna angalia kama ina kile kipande cha kuchomeka mkiani. Nne mkanda wa mkononi uwepo kwenye zote mbili, kiganja kikiwa na jasho rimoti inaruka na tivii ndio inayopokea.

Halafu mwambie aiwashe. Piga mapigo ya haraka kama ishirini hivi, kisha nyoosha mkono katikati ya tivii. Upanga ukibaki umepinda pembeni usiogope, jairo huwa inahama kidogo kidogo, kuna batani ya kuirudisha katikati. Ukirudi na kutulia, lipa.

mwana_Chikongola
Naenda kesho baada ya swala ya alasiri, naenda na betri zangu nne mfukoni.