Ushauri: studio kwenye jengo la kale, imekarabatiwa vizuri, ila kuna ukuta unaninyima usingizi

Mpangaji Mtarajiwa
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri wa haraka, kesho jioni natakiwa kutoa jibu.

Nimepata studio kwenye mtaa wa kihistoria. Kuta nene, mlango mzito wa mbao, ngazi nyembamba hadi godoro ulipandishe limekunjwa. Ndani kumekarabatiwa: vigae vipya, jiko dogo la kisasa, bafu la peke yangu. Dirisha linatazama mapaa ya majirani. Nimeipenda mno.

Sasa, nyuma ya kitanda ukutani kuna doa kama ramani. Rangi imevimba, nikaigusa kwa kucha ikadondoka, chini yake unga mweupe. Dalali anasema ni kawaida, majengo ya zamani "yanapumua". Nichukue au niache?

Babu Kijana
Kama ukuta unapumua, mwambie na wenyewe uchangie kodi.

Mama Pacha
Mimi niliwahi kukaa nyumba za hivyo. Hilo doa halina shida, shida ni ngazi! Friji langu lilikwama kwenye kona siku mbili, majirani wanalipanda kama kilima kwenda kwao. Pima fanicha zako kwanza mdogo wangu.

Fundi Chokaa
Dalali kasema nusu ya ukweli. Kuta za kale za mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu. Anayekarabati kwa pupa huzipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki, maji yanakosa pa kutokea. Huo unga ni chumvi: maji huiyeyusha ndani ya ukuta, yakikauka huiacha juu na kuisukuma rangi. Kupaka upya ni kuficha tu.

Jicho la Tatu
Umeshatoa hela?

Mpangaji Mtarajiwa
Asante fundi. Kwa hiyo nikimwambia abandue hiyo rangi apake chokaa, tatizo litakwisha? Mwanga wa asubuhi humo ndani jamani, hamjauona.

Jicho la Tatu
Narudia. Umeshatoa hela? Na mkataba unaandikiana na nani?

Mpangaji Mtarajiwa
Sawa, msinipige mawe. Nimetoa nusu ya amana, kama kishika uchumba. Na ninapokaa sasa nimeshatoa notisi.

Aliyepokea si mwenye nyumba. Ni mpangaji wa jengo zima, anakaa chini, huku juu amekarabati kwa hela yake. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi. Lakini ni mtu mzima, mstaarabu, risiti kaiandika kwa mkono mbele yangu. Tapeli hawezi kukupa kiti ukae huku anatafuta miwani.

Mtumishi
Hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka. Vijana tunapenda vya kung'aa.

Kufuli Jipya
Mimi nilipangishwa na mpangaji. Nililipa kila mwezi bila kukosa. Siku moja narudi kazini nakuta mlangoni kufuli si langu, mwenye nyumba hata jina langu hajawahi kulisikia. Nguo zangu nilizipata kwenye viroba. Mpaka leo sijui shati langu la bluu liko wapi.

Babu Kijana
Pole mkuu. Shati la bluu liache lipumue.

Mchambuzi
Wakuu, hii ni chai. Akaunti ina siku mbili. Dirisha linatazama mapaa, maana yake yuko juu kabisa. Unyevu wa ardhini umefikaje huko, umepanda ngazi na godoro? Mnamhurumia mtu aliyekaa kitandani anatunga.

Mama Pacha
Eti? Na mimi nimeshasimulia friji langu bure.

Fundi Chokaa
Mchambuzi, ardhi umeitaja wewe. Unyevu wa ardhini kwa kawaida hauvuki sana kimo cha kiuno. Huko juu maji hutoka kwenye paa, kwenye mfereji wa mvua, au kwenye bomba. Majengo hayo mengi hayakujengwa na bafu kila chumba, ukilichomeka lazima mabomba yapite mahali. Mpangaji, nyuma ya hilo doa kuna nini?

Mpangaji Mtarajiwa
Bafu.

Fundi Chokaa
Nilijua. Funga mabomba yote, kasome mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Ikisogea, kuna panapovuja. Na omba barua ya mwenye nyumba inayomruhusu huyo bwana kupangisha na kujenga hilo bafu. Kama jengo limehifadhiwa kisheria, mara nyingi hata kutoboa ukuta kunahitaji kibali.

Mpangaji Mtarajiwa
Nimerudi. Nimefunga kila kitu, nimekaa kwenye ngazi saa nzima na tochi. Mita imesogea. Ila mita yenyewe ni moja, jengo zima, na jirani alikuwa anafua.

Jicho la Tatu
Bili ya maji mnagawanaje?

Mpangaji Mtarajiwa
Hilo sikuuliza.

Mchambuzi
Naomba radhi mkuu. Mtunga chai angeshakuwa na jibu la bili.

Kufuli Jipya
Barua je?

Mpangaji Mtarajiwa
Nimemwandikia huyo bwana wa chini tangu saa kumi, kwa adabu kabisa. Ameusoma ujumbe. Alianza kuandika, akaacha. Sasa hivi amenitumia picha ya dirisha.